Kazi ya Kulabu Wakati wa Njaa

Kitambaa cha kroshia kilichotandikwa mezani huonekana kuwa pambo tu. Lakini palikuwa na wakati ambapo kazi hiyo ilikuwa riziki ya watu. Mwaka 1845 ugonjwa uliozesha viazi vya Ireland, na katika njaa iliyofuata watu wapata milioni moja walikufa. Katika miaka hiyo masista Waursula wa Blackrock, karibu na mji wa Cork, waliwafundisha wasichana maskini kufuma kwa kulabu. Kazi hii haikuhitaji mtambo. Uzi wa pamba na kulabu ndogo vilitosha. Mfumaji mmoja alifanya waridi, mwenziwe jani, kisha vipande viliunganishwa kwa wavu mwembamba, vikawa kola na mapambo ya nguo za mabibi matajiri. Mwaka 1846, huko London, Bibi Riego de la Branchardière alitoa kitabu cha mifano, hata wa mbali wakaweza kujifunza. Basi, mwalimu akiweka mfano wa zamani mbele ya wanafunzi, asiwafundishe kuhesabu vitanzi tu. Awaambie pia ni mikono ya nani iliyoufuma, na kwa shida gani.