Mganga wa Nchi na Mganga wa Mtu

Katika milima ya Usambara uganga ulikuwa wa namna mbili tangu zamani. Mganga wa kawaida alimtibu mtu mmoja mmoja, naye akalipwa ujira wake. Mfalme wa Wakilindi, aliyekaa Vugha, alikuwa mganga wa nchi nzima. Wasambaa waliamini kwamba mvua na mavuno vilikuwa katika uwezo wake, wakampa mifugo na nguvu za mikono yao ili aiponye nchi. Kwa Kisambaa jambo hilo huitwa kuzifya shi. Kinyume chake, yaani kuidhuru nchi, ni kubana shi. Kimweri ye Nyumbai alipofariki, karibu na mwaka 1862, jamaa zake walipigania ufalme, na watu wengi wakakamatwa na kuuzwa utumwani. Hapo raia waliona kwamba ushuru na uponyaji vilikuwa mkataba mmoja, wala upande mmoja haukuweza kusimama peke yake.

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifika Mlalo mwaka 1891. Baadaye Kanisa likawa na hospitali yake Bumbuli, na Serikali ikawa na yake Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Hospitali ya Bumbuli haikuwa mali ya dola, wala haikuwa duka la mfanyabiashara. Na kwa miaka mingi matabibu wake walivuka bahari kuja kuitumikia. Basi watu wa milimani walimjua kwanza daktari wa ng'ambo kama mtu ajaye, kabla ya kumjua kama mtu aendaye.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo, kama alivyokumbusha Mwalimu Nyerere, walikuwa 12 tu. Mwaka 1963 chuo cha utabibu kilifunguliwa Dar es Salaam. Kwa kuwa daktari alisomeshwa kwa fedha za umma, ilionekana ni haki awe mganga wa nchi. Sheria ya mwaka 1977 ilikataza hospitali za kutafuta faida, ila mashirika ya dini yaliruhusiwa kuendelea. Lakini miaka ya 1980 ilikuja na dhiki: dawa zilikosekana hospitalini, na mshahara wa daktari ukapungua thamani mwezi hata mwezi. Mwaka 1991 sheria hiyo ilirekebishwa, na tiba ya binafsi ikarudi. Tangu hapo daktari apangiwaye kazi milimani ana njia tatu mbele yake: kubaki katika hospitali ya umma, kwenda kwa mwenye hospitali mjini, au kusafiri ng'ambo.

Ni rahisi kumlaumu achaguaye njia ya pili au ya tatu kwamba ana tamaa. Mambo ya mwaka 2017 yanaonya dhidi ya hukumu hiyo ya haraka. Baada ya madaktari wa Kenya kugoma kwa siku 100, Rais Magufuli alikubali kuwapeleka huko madaktari 500 wa Tanzania. Madaktari wa Kenya walikwenda mahakamani, na mpango ukazuiwa. Ndipo Rais akaagiza madaktari 258 waliokuwa wamejitokeza waajiriwe nyumbani. Watu hao hawakuwa wameikimbia kazi ya umma. Walikuwa wamehitimu, wakakaa bila ajira, huku zahanati na hospitali nyingi za vijijini zikiwa na upungufu wa watumishi.

Wahenga walisema: mcheza kwao hutunzwa. Methali hii hutumiwa mara nyingi kumwita daktari arudi, au kumzuia asiende. Hata hivyo ina sehemu mbili, na ile ya pili humdai mwenye ngoma. Mfalme wa Vugha hakupewa ng'ombe bila kudaiwa mvua. Kadhalika nchi haiwezi kumdai daktari uponyaji ikiwa haijampa kazi, dawa na posho ya kumtosha.