Ini la Mulago, ini la Mwanakwerekwe

Pale sokoni Mwanakwerekwe siku hizi si ajabu kumsikia mtu mzima akisema kapigwa ultrasaundi, kaambiwa ini lake lina mafuta. Anayemsikiliza humwangalia kitambi kwanza. Chipsi, soda, wali wa nazi usiku, kutembea hakuna: kesi imekwisha. Kwetu ini la mafuta ni maradhi ya walioshiba.

Lakini katika historia ya tiba ya Afrika Mashariki, ini la mafuta lililoandikwa sana mwanzoni halikuwa la mtu mwenye kitambi. Lilikuwa la mtoto wa mwaka mmoja au miwili, miguu imevimba, nywele zimepauka, ngozi inabanduka, chakula hakitaki. Ndio unyafuzi. Daktari Cicely Williams aliueleza mwaka 1933 alipokuwa akifanya kazi Gold Coast, yaani Ghana ya leo, na mwaka 1935 akautangazia ulimwengu kwa jina alilolipata kwa Waga wenyewe: kwashiorkor, maradhi ya mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amekuja.

Wakubwa wa tiba London hawakumsadiki mara moja. Walisema ni pelagra tu, ukosefu wa vitamini. Hata Hugh Trowell, daktari Mwingereza aliyewaona watoto wa aina hiyo Kenya na baadaye Uganda, kwa miaka kadhaa aliufuata mkondo wa pelagra. Kilichomsaidia kutoka humo ni uchunguzi wa maiti. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, mwanapatholojia J. N. P. Davies alikuwa akipasua miili ya watoto hao na kukuta mambo mawili yanayojirudia: kongosho lililosinyaa, na ini kubwa, la manjano, limejaa mafuta. Mwaka 1954 Trowell, Davies na Rex Dean walitoa kitabu kizima juu ya unyafuzi. Dean ndiye aliyeongoza kituo cha utafiti wa utapiamlo wa watoto pale Mulago, kilichogharamiwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza.

Sasa swali lililowasumbua: mtoto anayekosa chakula, mafuta ya ini yanatoka wapi?

Jibu la mwanzo lilikuwa limeanza kupatikana mbali sana na Mulago, tena kwa mbwa. Miaka ya 1920 kule Toronto, mbwa walioondolewa kongosho na kuwekwa hai kwa insulini walikuwa wakiota mafuta kwenye ini. Mwaka 1932 Charles Best, yuleyule wa insulini, na wenzake wakaonyesha kwamba kirutubisho kidogo kiitwacho kolini kinayazuia mafuta hayo. Muda si mrefu ikaonekana kuwa hata protini ya maziwa, kaseini, inasaidia. Panya aliyenyimwa vitu hivi ini lake lilijaa mafuta bila hata kunenepa.

Lieleze jambo hili hivi. Ini ni kama bandari. Mafuta yanaingia kutoka kwenye chakula na kutoka kwenye akiba ya mwili, na mengine ini lenyewe linayatengeneza kutokana na wanga na sukari. Ili yatoke kwenda mwilini lazima yafungwe kwenye vifurushi, na vifurushi hivyo vinahitaji protini maalumu, apolipoprotini B, pamoja na aina ya mafuta ambayo kolini ni sehemu yake. Ukikosa vifungashio, mzigo unarundikana gatini. Mtoto anayelishwa uji wa muhogo au ndizi peke yake anapata wanga, vifungashio hana. Mtu wetu wa chipsi na soda vifungashio anavyo; mzigo ndio uliomzidi. Gati zote mbili zimejaa, na ukichukua kipande cha ini ukakitia chini ya darubini unaona matone ya mafuta kote kuwili. Mpangilio ndio unaotofautiana kidogo: kwa mtoto wa unyafuzi mafuta huanzia pembezoni mwa vijisehemu vya ini, kwa mtu mzima wa leo huanzia kati.

Ila huwezi kumkata kila mtoto kipande cha ini. Wakahitaji kitu cha kupima kwenye damu, na kilichokuwa karibu ni albumini, protini inayotengenezwa na ini na kumwagwa kwenye damu kwa wingi. Roger Whitehead, aliyekuja kukiongoza kituo kile cha Kampala, aliifuatilia sana. Mwaka 1972 yeye na D. G. Coward walichapisha majaribio waliyofanya kwa watoto wa nyani, wakiwapa lishe yenye protini haba ili waone kama unyafuzi wa Uganda utajirudia kwa mnyama. Albumini ilishuka na mafuta yakaingia kwenye ini. Mwaka uliofuata Whitehead na wenzake wakaandika kwamba kwa watoto wenyewe, albumini ikishuka chini ya gramu 30 kwa lita, unyafuzi umekaribia hata kama uvimbe haujaonekana. Udhaifu wake ni kwamba albumini huchukua kama siku 20 kupungua nusu, kwa hiyo inakupa habari zilizochelewa. Hata hivyo, kwa ini lile la Mulago, kipimo kilisema kweli.

Kumchukua mtoto wa nyani ukamnyima chakula bora mpaka avimbe, si jambo la kulipita juu juu. Siku hizi kamati za maadili zingeuliza maswali mengi, na zingekuwa na haki. Tena picha yenyewe ya kwamba unyafuzi ni protini tu ilikuja kupingwa: mwaka 1974 Donald McLaren, aliyewahi kufanya utafiti kwa Wasukuma, aliishambulia hadharani, na utafiti wa mapacha Malawi uliotoka 2013 ukaonyesha kwamba vijidudu vya tumboni navyo vimo.

Basi tuje kwa ini la pili. Mwaka 1980 Jurgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, waliwaeleza wagonjwa 20 ambao maini yao yalifanana na ya walevi ilhali pombe si tatizo lao. Wengi walikuwa wanene. Hapo ndipo ugonjwa ulipopewa jina, na watafiti wakatafuta mnyama wa kuujaribia. Walimpata wapi? Kwenye rafu ya zamani. Mmoja wa panya wanaotumika sana hadi leo ni yule anayelishwa chakula kisicho na methionini wala kolini, mjukuu wa majaribio ya Toronto. Wiki chache tu, ini limejaa mafuta na limeanza kuharibika. Ni rahisi, ni haraka. Lakini panya huyo anakonda! Insulini yake inafanya kazi vizuri tu. Kwa kweli anafanana na mtoto wa Mulago kuliko na mtu wa sokoni, na hapo ndo penye kazi.

Kwa sababu alama za protini zinazotafutwa leo hupimwa kwanza kwa wanyama kama hawa. Chukua FGF21, protini ambayo ini huitoa. Kwa watu wenye ini la mafuta la unene, hupanda. Safi, tumepata alama. Lakini mwaka 2014 watafiti wa Louisiana walionyesha kwamba panya aliyepunguziwa protini naye FGF21 yake hupanda sana, kwani ndiyo ishara ya ini kuuambia mwili kwamba protini haba. Protini moja inalia kwa aliyeshiba na kwa aliyekosa. Vipande vya saitokeratini 18 navyo, vinavyomwagika seli za ini zinapokufa, vinakwambia seli zinakufa, aliyeziua hawamtaji.

Na ile albumini ya Kampala? Kwa mtu wetu wa Mwanakwerekwe haisemi kitu. Ini lake linaendelea kuitengeneza miaka na miaka, mafuta yakiwa yamejaa, mpaka makovu yawe mengi ndipo ishuke. Karatasi yake ya maabara inaonyesha gramu 42 kwa lita, anaikunja, anaitia mfukoni na kuagiza juisi ya miwa.