Nani Amsikilize Mtoto wa Ghuba ya Speke?

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikaa Musoma ikaamua jambo zito: kila mtoto wa Tanzania aliyefikia umri wa kwenda shule apate nafasi darasani ifikapo Novemba 1977. Hilo ndilo Azimio la Musoma. Uamuzi huo uliingiza madarasani watoto wa wavuvi, wa wachunga ng'ombe na wa wakulima wa pamba, watoto ambao kabla yake shule ilikuwa ya jirani mwenye bahati. Ukitoka Bunda ukaishika barabara ya Kisorya, ile inayokwenda kwenye kivuko cha Ukerewe, unapita Kibara, kando ya Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, na huko utawakuta wajukuu wa watoto hao wakiwa na sare na madaftari. Nafasi darasani wanayo. Ninachouliza ni nani shuleni amepewa kazi ya kumsikiliza mtoto aliyekuja na jambo moyoni.

Swali hilo ni la zamani kuliko Azimio. Mwaka 1896, mjini Philadelphia, Marekani, mwanasaikolojia Lightner Witmer alifungua kliniki katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na mtoto wa kwanza kuhudumiwa alikuwa mvulana aliyeshindwa kuandika maneno kwa tahajia sahihi. Aliyemleta alikuwa mwalimu wake. Mwaka huohuo, Lutindi katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walifungua makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 makao hayo yakageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Kwetu, basi, taasisi iliyoanza kwa ajili ya watoto walioumizwa iliishia kuwa ya watu wazima, huko Marekani na Ulaya kazi ya kumwangalia mwanafunzi kwa jicho la saikolojia ikizidi kukua. Mwaka 1913 Halmashauri ya London ilimwajiri Cyril Burt kuwa mwanasaikolojia wa shule zake. Tanganyika ilikuwa bado chini ya Wajerumani, na shule za serikali zilikuwa za kutafuta makarani na wakalimani.

Mwaka 1934 mtoto wa Mtemi Burito wa Butiama, mwenye umri wa miaka 12 hivi, alipelekwa kukaa bweni katika Shule ya Mwisenge, Musoma, zaidi ya kilomita 40 kutoka kwao. Tumezoea kusimulia safari hiyo ya Julius Nyerere kama mwanzo wa utukufu. Mimi huifikiria pia kama safari ya mtoto anayeacha boma la mama yake na kuingia mahali penye lugha nyingine na saa za kengele. Mtoto wa enzi ile alipolemewa, wa kumwendea walikuwa wawili watatu: nyumbani bibi au shangazi, shuleni padri au mwalimu mwenye huruma. Huduma ilitegemea tabia ya mtu. Kwa sehemu kubwa bado inaitegemea, na hilo ndilo linalonisumbua.

Azimio lilihitaji walimu wengi kwa haraka, na vyuo vilivyokuwepo visingeweza kuwatoa. Serikali ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawafundisha ualimu huku wakiwa tayari wanafundisha. Masomo yaliwafikia kwa posta na redio, na wakufunzi walizunguka vijijini kuwatembelea. Zaidi ya walimu 35,000 walifuzu kwa njia hiyo. Wengi huwadharau walimu wale wa UPE, yaani wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na dharau hiyo si ya haki. Walishika madarasa ambayo pasipo wao yangebaki matupu. Walichonyimwa ni maarifa ya nafsi ya mtoto. Walipewa mbinu za kusoma, kuandika na kuhesabu, wakaachwa wajitafutie wenyewe la kufanya na mtoto anayelia bila sababu, anayekojoa kitandani bwenini, au aliyeacha ghafla kuzungumza.

Mpango ule, hata hivyo, uliacha somo moja ambalo wanaotengeneza nyenzo za mtandaoni leo wangefaidika nalo. Ulikuwa umetanguliwa na kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya 1973, iliyofikia watu wazima wapatao milioni mbili. Watu hawakuachwa wasikilize kila mtu na redio yake. Walikaa vikundi, wakawa na kiongozi, wakajadili, kisha wakatoka kuchimba vyoo. Sauti ilitoka mbali, lakini kando ya msikilizaji alikuwepo mtu wa kijiji chake. Kwa mwalimu wa UPE mtu huyo alikuwa mkufunzi aliyefika kwa baiskeli. Kila mara msaada wa mbali ulipofaa katika nchi hii, ulikuwa na mtu wa karibu aliyeushika mkono.

Msiba uliofuata ndio uliolazimisha ziwa zima kufikiri upya. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera, ng'ambo ya magharibi ya ziwa. Katika muongo uliofuata ugonjwa ulitembea na barabara, minada na makambi ya uvuvi hadi pwani yetu ya mashariki, huku biashara ya sangara ikivuta vijana na fedha. Yatima wakajaa madarasani. Misaada ya mwanzo ilikuwa ya tumbo na mgongo: unga, madaftari, sare. Ilikuwa ya lazima. Lakini kule Nshamba, wilayani Muleba, mradi uitwao Humuliza uligundua kwamba mtoto aliyezika wazazi wawili anaweza kushiba na bado akawa anazama. Mswisi Kurt Madörin na wenzake wa hapo waliandaa mwongozo wa kuwafundisha walimu kumtambua yatima aliyeelemewa na kumsaidia kuizungumza huzuni yake. Yatima wenyewe wakaunda chama chao, Vijana Simama Imara. Kazi ya Nshamba ikawa moja ya mizizi ya REPSSI, shirika la msaada wa kisaikolojia na kijamii kwa watoto lililoanzishwa mwaka 2002 na kuenea mashariki na kusini mwa Afrika.

Hapa napenda kutulia kidogo, kwa sababu historia hii haisemwi inavyostahili. Anayetafuta leo mtandaoni miongozo ya kumsaidia mtoto aliyefiwa hudhani maarifa hayo yote yamezaliwa ughaibuni. Baadhi yamezaliwa kwenye ziwa lilelile anakovua baba wa mtoto wa Kibara. Wanawake wa Uganda walioishi na virusi, chini ya chama cha NACWOLA, waliwaandalia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: ukoo wao, jinsi walivyozaliwa, nini mama aliwatakia. Njia hiyo imeingia katika miongozo inayopakuliwa duniani kote. Maarifa yalitoka hapa yakiwa simulizi za akina mama na walimu. Sehemu kubwa ya yanayorudi kwa intaneti inarudi kwa Kiingereza cha kitaalamu, katika faili zenye kurasa mia na zaidi, na mwalimu wa shule ya msingi afunguaye faili hilo saa mbili usiku kwa bando lake mwenyewe huchoka kabla hajaufikia ukurasa unaomhusu.

Serikali nayo haikukaa kimya. Waraka wa elimu wa mwaka 2002 ulitaka huduma za ushauri na unasihi ziwepo shuleni na vyuoni, na kabla yake, mwaka 1996, Biswalo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa ameshatoa kitabu cha utangulizi wa unasihi katika mazingira ya Kiafrika. Waraka ulizaa cheo cha mwalimu mnasihi, lakini haukumpunguzia vipindi. Katika shule nyingi cheo hicho alipewa mtu ambaye tayari anafundisha masomo mawili, na wakati mwingine ndiye huyohuyo mwalimu wa nidhamu.

Jambo hilo la nidhamu si dogo. Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, ikishirikiana na UNICEF, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa na Chuo Kikuu cha Muhimbili. Matokeo yalitangazwa 2011. Karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Karibu robo tatu walipata ukatili wa kimwili, na takriban nusu ya vijana walioulizwa walisema aliyewaumiza ni mwalimu. Nchi iliyokubali kuyasema hayo hadharani ilionyesha ujasiri. Lakini kanuni zinazoruhusu viboko shuleni hazikufutwa. Sioni mtoto atakayemfunulia siri yake mtu aliyemchapa asubuhi, hata mtu huyo awe amesoma miongozo yote iliyopo duniani.

Ndiyo maana simu 116 ilikuwa hatua kubwa. Kenya ilikuwa imetangulia na Childline. Kwetu, shirika la C-Sema lilianza kuiendesha mwaka 2013, Bara na Zanzibar. Kupiga ni bure. Mtoto au mzazi anampata mtu aliyefunzwa kusikiliza, anayeweza kumuunganisha na afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi. Kwa mtoto wa kijijini ambaye mwanasaikolojia wa karibu yuko mkoa mwingine, hiyo ndiyo kliniki. Miaka michache kabla, Julai 2009, mkongo wa SEACOM ulikuwa umetua Dar es Salaam na intaneti ikaanza kushuka bei. Sauti ikawa na picha, video na makundi ya WhatsApp.

Mkoa wetu wa Mara umeonyesha jinsi teknolojia inavyofaa inaposhikwa na watu. Ukeketaji si jambo la Kibara kama lilivyo la Tarime na Serengeti, lakini takwimu ni za mkoa mzima: katika utafiti wa 2015–16, asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, na katika ule wa 2022 wakawa asilimia 28. Msimu ni Desemba, shule zikiwa zimefungwa na mwalimu hayupo. Rhobi Samwelly, aliyekeketwa mwenyewe akiwa msichana, aliongoza kuanzishwa kwa nyumba salama Mugumu na Butiama, ambako mabinti hukimbilia. Tatizo lilikuwa kufika: msichana anapiga simu usiku, gari linatoka, na kijiji hakimo kwenye ramani yoyote. Kuanzia 2015 mradi wa Crowd2Map, ulioanzishwa na Janet Chapman, uliwakusanya watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali wakachora barabara na nyumba za vijiji vya Tanzania kwa picha za setilaiti, na wenyeji wakaongeza majina. Vijijini wakachaguliwa watu wenye simu za kutoa taarifa. Ramani haikumwokoa msichana yeyote peke yake. Ilimwonyesha dereva njia, na mtu wa kijijini alimwambia nani yuko hatarini. Baada ya hapo ikaanza kazi ndefu isiyopigwa picha: kukaa na binti na wazazi wake, kuwapatanisha, kujua kama anaweza kurudi nyumbani.

Kisha Alhamisi ya 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati ya Bwisya kisiwani Ukara. Walikufa zaidi ya watu 220. Ukerewe na Kibara zimeunganishwa na kivuko, samaki na ndoa, na wazee wa pande hizi walikuwa bado hawajasahau kuzama kwa meli ya MV Bukoba 21 Mei 1996. Mtoto anayeishi ziwani baada ya msiba kama huo anaamka akiyaona maji yaleyale, na baba yake anaingia kwenye mtumbwi jioni ileile kwenda dagaa. Vitini vya huduma ya kwanza ya kisaikolojia vilikuwa vimekwisha kutolewa na Shirika la Afya Duniani tangu 2011. Mwalimu wa hapa anahitaji kilichokatwa kwa kipimo chake: cha kusema siku ya kwanza, cha kutosema, ni baada ya wiki ngapi mtoto asiyelala apelekwe hospitali, na huko amuulizie nani.

Corona ikaja. Shule zilifungwa 17 Machi 2020 na kufunguliwa 29 Juni. Wazazi wakabaki na watoto, na mtandao ukafurika mashauri ya malezi, yakiwemo ya Kiswahili. Mwanza, ng'ambo ya ghuba, programu ya simu ya ParentApp ilijaribiwa kwa utafiti wa kina na wazazi wenye watoto wa rika la balehe. Inafundisha malezi yasiyo na ukatili, na ikishapakuliwa inafanya kazi bila intaneti. Kwangu sifa hiyo ya mwisho ina uzito kuliko mapambo yote, kwa mzazi anayenunua bando la siku moja baada ya kuuza dagaa.

Baada ya Sensa ya 23 Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa kwa walimu. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao, na MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ina mfumo wake wa kujifunzia. Vyombo, basi, tunavyo. Ningeomba mambo mawili yasiyohitaji ufadhili mkubwa. La kwanza, miongozo ya unasihi iwekwe humo kwa Kiswahili chepesi, kurasa mbili kwa kila hali: mtoto aliyefiwa, aliyebakwa, anayetaka kujidhuru, anayeshinda mwaloni badala ya shuleni, aliyezaa na kurudi darasani kama serikali ilivyoruhusu Novemba 2021. Kila kurasa mbili ziwe na 116 juu, na nafasi tupu ya mwalimu kuandika simu ya afisa ustawi wa kata yake na ya dawati la polisi. La pili ni gumu zaidi, kwa kuwa ni la ratiba. Mwalimu mnasihi apunguziwe vipindi, asishike fimbo, na apewe chumba chenye mlango unaofungwa. Halmashauri ya Bunda inaweza kuanza na shule za Kibara muhula ujao.