UZI: Eti watu wa Korbesa wanangoja serikali?

Kuna kauli hujirudia kila kampeni, na hata kampeni zikiisha: watu wa kaskazini waache kungoja serikali, wajifunze kujitegemea. Nasoma sayansi ya siasa chuo kikuu, kwetu ni Korbesa, huko Merti, kaunti ya Isiolo. Sitataja chama wala mheshimiwa yeyote, maana pande zote zimeshaisema. Shida yangu ni kwamba historia yenyewe inaenda kinyume na hiyo kauli. Twende polepole.

Anza na dedha. Kwa Waborana wa Waso, dedha ni eneo la malisho pamoja na baraza la wazee wanaolisimamia. Wao ndio huamua mifugo ikae wapi mvua ikinyesha, irudi lini karibu na mto Ewaso Nyiro kiangazi kikifika, na ni malisho gani yabaki bila kuguswa mpaka ukame ukaze kabisa. Kisimani kuna aba herega, anayepanga zamu za kunywesha. Ukivunja utaratibu unatozwa faini, mara nyingi kwa mifugo. Halafu kuna busa gonofa: mtu akipoteza mifugo yake, ukoo unamchangia wanyama wa kuanzia upya. Yaani bima. Hakuna ofisi, hakuna fomu, hakuna mgeni rasmi wa kukata utepe.

Sasa ilienda wapi? Hapa ndipo midahalo mingi inaruka miaka.

Vita vya Shifta, 1963 hadi 1967. Kuanzia 1966 serikali ilikusanya watu kwenye vijiji vyenye ulinzi mkali: Garba Tulla, Merti, Modogashe. Mifugo ikabanwa mahali pamoja, ikafa kwa njaa na magonjwa, mingine ikapigwa risasi au kuchukuliwa. Wazee wanakiita kipindi hicho Gaafa Daba, wakati uliposimama. Jina limekaa sawa, kwa sababu dedha ni mwendo. Ukiwazuia watu kuhama, baraza la malisho linabaki bila kazi.

Na busa gonofa je? Hii ndiyo sehemu ambayo mimi binafsi huifikiria sana. Ule mpango unafanya kazi nyumba moja ikianguka na kumi zimesimama. Zikianguka zote kumi na moja, nani amchangie nani? Hapo ndipo foleni ya unga wa msaada ilipoanzia. Watu hawakusahau kusaidiana, walinyang'anywa cha kusaidiana nacho. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maafisa wasishtakiwe kwa waliyoyafanya huku. Kwa hiyo hata fidia ya kuanzia tena ikafungiwa mlango.

Linganisha na sehemu nyingine za nchi miaka ileile. Harambee ilitangazwa kama wito wa taifa 1963. Kwingine watu waliuza kahawa na chai, wakachanga, wakajenga shule na zahanati. Heko kwao, kazi ile ilikuwa ya kweli. Lakini sisi tuliingia miaka ya harambee tukitoka kambini bila ng'ombe. Ukitumia idadi ya shule za harambee kupima nani "anajituma", unapima nani alikuwa na mapato. (Na tusiipambe sana. Baadaye michango ililazimishwa mahali pengi, na harambee ikawa jukwaa la wanasiasa kuonyesha bahasha, mpaka sheria ya maadili ya 2003 ikaja kuwawekea maafisa wa umma mipaka.)

Turudi Isiolo, maana kuna jambo wengi hawalijui. Mfuko wa kaunti wa mabadiliko ya tabianchi, ambao sasa unatajwa nchi nzima, ulijaribiwa kwanza kwetu, kabla ya Makueni, Kitui, Wajir na Garissa. Mgawanyo wake: asilimia 70 ya fedha za miradi inaamuliwa na kamati za wadi zilizochaguliwa na wakaaji, 20 ngazi ya kaunti, 10 uendeshaji. Kamati za Isiolo zilichagua nini? Maji, kama ungetarajia. Lakini pia kuimarisha dedha, kumaanisha mafuta ya gari na gharama za wazee kukutana na kukubaliana malisho. Wafadhili wengi huona mkutano kama matumizi tu. Mfugaji anajua mkutano mmoja unaweza kuokoa malisho ya mwaka mzima.

Mimi sisemi dedha ni malaika. Ni baraza la wanaume wazee. Akina mama wanaochota maji na vijana wanaochunga hawakuwa na kiti, na mgeni akija na bunduki, faini ya mzee haimtishi. Ndiyo maana inahitaji kutambuliwa na sheria, si kusifiwa tu jukwaani.

Na sheria ndiyo mambo ya sasa hivi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema ardhi ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii. Serikali ikiitwaa kwa mradi, hata fidia inashikiliwa hivyo hivyo. Isiolo iko kwenye njia ya LAPSSET, kwa hiyo hii si nadharia. Ili kusajili, jamii inaitisha baraza lake na kuchagua kamati ya watu 7 hadi 15.

Basi mtu akija Korbesa kutuambia tujitegemee, swali langu kwake ni rahisi: usajili wa ardhi yetu umefika wapi, na kwenye ile kamati, wazee wa dedha, akina mama na vijana wamewekwa wapi? Ajibu hilo kwanza, ndipo tuzungumze harambee.