Nani Achague Mti wa Kukatwa?

Katika mashamba ya paina ya Sao Hill, wilayani Mufindi, kazi ya kupunguza miti ina maana inayoeleweka. Miche hupandwa karibu karibu. Baada ya miaka kadhaa, iliyopinda na iliyodumaa hukatwa ili iliyonyooka ipate mwanga, maji na nafasi ya kunenepa. Huondolewa kibaya, hubakia kizuri. Katika misitu yetu ya asili ya miti migumu, mambo yamekwenda kinyume. Mninga, mpingo na mvule ulionyooka ndio uliokatwa. Uliopinda na wenye mashimo ndio ulioachwa utoe mbegu. Tumekuwa tukipunguza ubora wa msitu, tukauita uvunaji.

Kinyume hicho kina historia. Mwaka 1898 utawala wa Wajerumani uliitangaza mikoko ya delta ya Rufiji kuwa hifadhi ya serikali, na sheria ya mwaka 1904 ikapanua utaratibu huo hadi misitu ya bara. Aliyekuwa akikata boriti za nyumba yake akageuka mvamizi katika ardhi ya babu zake. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameonesha kwamba amri za misitu zilikuwa miongoni mwa manung'uniko yaliyotangulia Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Waingereza nao walitunga sheria yao ya misitu mwaka 1921. Bendera ilibadilika, mantiki ikabaki ile ile: dola ndiyo mmiliki, ofisa ndiye mteuzi, mwanakijiji ni kibarua au mwizi.

Uhuru uliurithi mfumo huo pamoja na majalada yake. Udhaifu wake ulidhihirika baada ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Barabara iliyokuwa ikikatishwa na Mto Rufiji sasa ilipitika, na magogo ya Rufiji, Kilwa na Lindi yakapata njia nyepesi ya kufika bandarini. Ripoti ya TRAFFIC ya mwaka 2007 ilieleza kwamba hadi asilimia 96 ya mrabaha uliopaswa kukusanywa na Serikali Kuu na wilaya ilipotea. Sheria ilikuwapo, nyundo ya kugonga magogo ilikuwapo, vizuizi vya barabarani vilikuwapo. Aliyekosekana ni mtu mwenye sababu ya kuuhesabu mti kabla haujaanguka.

Ndugu msomaji, mpingo huhitaji takriban miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa. Anayeukata leo anavuna jasho la mvua zilizomnyeshea babu yake. Kanuni ya kipenyo cha chini, peke yake, haiulindi msitu: inasema mti upi umekomaa, haisemi mingapi ikatwe wala mama mbegu gani ibaki. Majibu hayo hutokana na hesabu ya miti, ramani ya vitalu na kiwango cha mwaka kisichovukwa hata mnunuzi akija na fedha taslimu.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilifungua mlango mwingine. Kijiji kinaweza kutenga msitu ulio katika ardhi yake kuwa hifadhi ya kijiji, kikausimamia na kubaki na mapato yake. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, vilipata cheti cha FSC kupitia mradi wa hifadhi ya mpingo. Eneo lile lile lililokuwa likivuja magogo likaonesha kwamba mkulima anaweza kupima kipenyo, kuandika daftari na kumkatalia mfanyabiashara.

Simaanishi kwamba kijiji ni malaika. Halmashauri ya kijiji nayo huhongeka, na daftari bila mkutano mkuu ni karatasi tu. Lakini tofauti ipo: aliyeuza mti bei ya kutupa hukutana kisimani na waliodhulumiwa, ilhali aliyesaini kibali mjini hakutani na yeyote.

Kwa hiyo, mtumishi wa umma unaposaini kibali cha uvunaji, uliza maswali matatu: nani aliihesabu miti hii, ipi itabaki, na fedha zitasomwa mbele ya nani? Kibali kisichojibu hayo kinarudia kosa la mwaka 1904, ijapokuwa kimepigwa muhuri wa Jamhuri.