Sokwe Mateka wa Kaskazini ya Ziwa Tanganyika: Kutoka Manyema ya 1871 Hadi Lwiro

Uvira ni mji uliobanwa baina ya maji ya Ziwa Tanganyika na miteremko ya milima ya Mitumba. Nyuma ya miteremko hiyo imo misitu ya Itombwe, ambamo sokwe na gorila wangali wakiishi. Mbele yake, mwendo usiofika kilomita 40 kwa barabara ipitayo Kavimvira na Gatumba, uko mji wa Bujumbura. Jiografia hii inaeleza mengi. Mnyama aliyekwisha kufikishwa Uvira aliweza kuuzwa katika nchi nyingine, chini ya sheria nyingine, kabla ya jua kutua. Yaliyoandikwa kuhusu biashara hiyo hutaja zaidi wawindaji na wanunuzi. Lililo gumu zaidi, na ambalo historia ya ukanda huu inalionyesha waziwazi, ni lile linalofuata baada ya mamlaka kumtwaa mnyama: aende wapi, na nani amlee, hasa ikiwa utoto wake umekwisha kupita?

Kwanza yafaa jina lenyewe litazamwe. David Livingstone, alipokuwa Manyema, aliandika jina soko kwa mnyama huyu. Katika shajara zake, zilizotolewa na Horace Waller mwaka 1874 baada ya kifo chake, soko huitwa pia gorila, kana kwamba hao wawili ni mmoja. Mchanganyiko huo haujatoweka. Katika Kiswahili cha leo sokwe huweza kuwa gorila, na wale wanaotaka kuondoa shaka husema sokwe mtu. Katika insha hii, sokwe ni huyo sokwe mtu.

Ni katika shajara hizo hizo anapotokea mateka wa kwanza wa habari hii. Mwanzoni mwa 1871 mfanyabiashara aliyejulikana kwa jina la Katomba alimtolea Livingstone soko mchanga wa kike, ambaye mama yake alikuwa ameuawa. Livingstone anamweleza kwa upole usio wa kawaida katika maandishi yake ya mwaka ule wa taabu: alikaa kimya mkekani kando yake, alinyoosha mkono ili abebwe, na alipokataliwa alilia kama mtoto wa binadamu. Alijitandikia majani na kujifunika apate kulala. Hata hivyo Livingstone hakumchukua. Alikuwa safarini kuelekea Nyangwe, na alihofu kwamba mnyama yule angekufa kwa kusumbuliwa na watu kabla yeye hajarudi. Novemba mwaka ule ule, akiwa pamoja na Stanley, alifika kwa mtumbwi hadi ncha ya kaskazini ya ziwa, wakahakikisha kwamba mto Ruzizi huingia ziwani wala hautoki. Safari hiyo imesimuliwa mara nyingi. Ya soko husimuliwa kwa nadra, ingawa ndani yake tatizo zima limekwisha kuonekana. Mama aliuawa ili mtoto apatikane. Mtoto alipatikana, akaleta huruma, na huruma haikuwa na mahali pa kumweka.

Sheria zilikuja baadaye sana. Zaire ilikuwa na sheria ya hifadhi ya viumbe tangu 1969, ikaingia mwaka 1976 katika mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, kisha ikatunga sheria ya uwindaji mwaka 1982. Burundi iliingia katika mkataba huo mwaka 1988. Kwa muda wa miaka kumi na miwili, basi, Uvira ilikuwa ndani ya mkataba na Bujumbura nje yake. Si ajabu kwamba wengi wa sokwe waliokutwa Bujumbura mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wametoka upande wa Zaire.

Miongoni mwa waliookolewa katika mji huo, anayejulikana zaidi ni yule aliyepewa jina la Poco. Miaka yake tisa ya kwanza aliishi ndani ya kizimba kilichowekwa penye biashara ili kuvutia wateja, nacho kilikuwa chembamba hata hakuweza kukaa ila kwa kusimama wima. Alipotolewa, mwili ulikuwa umekwisha kushika umbo la kizimba: akawa akitembea kwa miguu miwili, mgongo umenyooka, jambo ambalo sokwe wa porini hulifanya kwa muda mfupi tu. Watazamaji walistaajabu kuona mnyama aendaye kama mtu. Wachache walikumbuka kwamba huo ulikuwa ulemavu.

Hapa ndipo kutwaa na kuokoa vinapotengana. Afisa anaweza kumnyang'anya mtu mnyama kwa hati moja iliyopigwa muhuri. Lakini sokwe mchanga huhitaji maziwa na kifua cha kujishikiza mchana na usiku, na mkubwa ni mzigo wa namna nyingine. Hawezi kurudishwa msituni vivi hivi, kwa kuwa madume wa porini huweza kumuua mgeni, naye hajui chakula cha msitu, na huenda amechukua maradhi ya binadamu. Sokwe atunzwaye vizuri huweza kupita miaka 50. Anayempokea akiwa na miaka tisa anajifunga kwa muda mrefu kuliko utumishi wa maafisa wengi. Ndiyo maana, pasipo kuwa na kituo cha kuwapokea, sheria hubaki kabatini: afisa mwenye busara husita kutwaa asichoweza kukilisha.

Taasisi ya Jane Goodall ilifungua kituo cha muda Bujumbura kwa ajili ya wanyama hao. Lilikuwa tumaini la haki, lakini halikudumu. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na Burundi ikaingia vitani. Mwaka huo huo sokwe yatima watatu walihamishiwa Sweetwaters, karibu na Nanyuki nchini Kenya, katika hifadhi iliyoanzishwa kwa makubaliano ya shamba la Ol Pejeta, Shirika la Wanyamapori la Kenya na taasisi hiyo. Watu wazima walifuata katika safari za baadaye; Poco alifika mwaka 1995. Kenya haina sokwe wa asili. Waliozaliwa katika misitu ya magharibi ya ziwa wakawa wakimbizi katika nyika za Laikipia, makundi mawili yaliyotengwa na mto Ewaso Nyiro. Wakati huo huo watu wa kaskazini ya ziwa nao walikuwa wakikimbia, wengi bila ya ndege wala hati. Linganisho hilo ni chungu, na waliowahamisha wanyama hao hawakukosa kuulizwa juu yake.

Neno yatima, litumikalo sana katika habari hizi, lastahili shaka kidogo. Humfanya msomaji aone kitoto kilicho mabegani mwa mlezi, na kitoto ndicho kivutacho michango. Lakini yatima hukua, na walio wengi katika vituo ni wakubwa wenye nguvu, meno na tabia zilizoharibiwa na upweke. Mateka ni neno la haki zaidi, kwani hilo halina umri. Katika Kongo ya ng'ambo ya pili, Brazzaville, sokwe aitwaye Grégoire alikaa katika bustani ya wanyama kwa miongo mingi. Kibao cha kizimba chake kilionyesha mwaka 1944. Alihamishwa kwa ndege mwaka 1997, wakati wa vita, akapelekwa Tchimpounga. Alikuwa mzee, amekonda, na mtu mwenye hesabu kali angesema gharama hiyo ingefaa kuwatunza wachanga. Aliishi huko miaka kumi na moja zaidi, akiwa na wenzake, akafa Desemba 2008.

Kivu ya Kusini ilipata kituo chake mwaka 2002, huko Lwiro, katika majengo ya taasisi ya utafiti iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947, karibu na mbuga ya Kahuzi-Biega. Kilianzishwa na taasisi ya taifa ya hifadhi, ICCN, pamoja na kituo cha utafiti cha hapo hapo, nchi ikiwa ingali vitani. Tangu hapo mnyama atwaliwaye Uvira ana mahali pa kupelekwa bila ya kuvushwa mpaka. Tofauti na Nanyuki, Lwiro iko ndani ya nchi ya sokwe wenyewe, na vilevile ndani ya nchi ya vita. Februari 2025 waasi wa M23 waliuteka uwanja wa ndege wa Kavumu, jirani na Lwiro, kisha wakauteka mji wa Bukavu. Mwaka 1993 waliokuwa Bujumbura walipata pa kukimbilia. Wa Lwiro, ambao idadi yao ni kubwa zaidi, walibaki pale pale pamoja na walezi wao.