Kwa nini wageni hulowea mashambani Thailand

Isan, eneo la wakulima wa mpunga kaskazini mashariki mwa Thailand, ni makao ya wageni wengi kutoka mataifa ya Magharibi. Uhusiano huo ulianza kukita mizizi wakati wa Vita vya Vietnam, Marekani ilipokuwa na kambi za ndege za kivita Udon Thani, Ubon na Korat.

Wengi wa wageni hao ni wanaume waliostaafu na kuoa wenyeji. Gharama ya maisha kijijini ni nafuu, na pensheni ya kadiri hutosha kuwatunza na kuwasaidia wakwe. Mgeni aliyetimiza umri wa miaka 50 anaweza kupewa kibali cha kuishi nchini kwa mwaka mmoja, akiwa na akiba ya baht 800,000 benkini au mapato ya baht 65,000 kwa mwezi.

Hata hivyo, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1954 kwa kawaida humzuia mgeni kumiliki ardhi. Kiwanja huandikishwa kwa jina la mke, naye mume hutia saini kukiri kuwa fedha zilizokinunua ni za mke pekee. Ndoa ikivunjika, mume hana msingi wa kukidai, hata kama nyumba iliyomo ilimgharimu akiba yake yote.